Usiku mmoja Mazinde

Ugomvi ulianza kabla gari halijatoka Mombasa. Mwana alikuwa ameshalipia vyumba Lushoto, mlimani, kwa usiku mbili. Mamake, mwenye miaka 74, alitaka kulala Mazinde, chini bondeni. Huko ndiko alikozaliwa, katika kambi ya wakata mkonge, kabla babake hajahamia Vipingo, Kenya, kukata mkonge uleule.

"Mazinde utaiona kutoka juu, mama. Kuna mahali panaitwa Irente, unaona bonde lote."

Mamake hakujibu. Alikwenda kufunga kanga zake.

Mpakani, Lunga Lunga na Horohoro, stakabadhi za watoto zilikuwa sawa. Mzazi ajue kwamba hata mtoto wa kubebwa huhitaji hati yake ya kusafiria. Lililowakwamisha ni gari. Lilikuwa la kaka mtu, na barua ya mwenye gari ilisahauliwa nyumbani. Wakangoja karibu saa tatu hadi itumwe kwa simu na kuchapishwa. Mke alikuwa amemkumbusha mumewe barua hiyo wiki nzima, na siku hiyo alinyamaza, jambo ambalo si kila mke angeliweza.

Tanga, Segera, Korogwe. Kila kijiji kasi ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wapo. Mdogo akatapika mara mbili. Walipofika Mombo, jua lilikuwa limezama.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini ni za kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili.

"Baba watoto, giza hili huko juu hatuendi," mke alisema.

Mwana akapiga simu Lushoto. Pesa za usiku ule hazirudishwi. Akakaa pale njia panda, gari likinguruma. Nyuma, mamake hakusema neno, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hakukata kulia kupanda mlima. Akaendelea na barabara ya Same, kuelekea Mazinde.

Gesti ya kwanza ilikuwa na baa na muziki chini ya vyumba. Mke alitazama mara moja akarudi garini. Ya pili ilijaa madereva wa malori. Ya tatu ilikuwa na vyumba viwili. Mke akakagua neti kama ina matundu, akafungua bomba, akajaribu kitasa kwa ndani. Shilingi elfu 20 kwa chumba. Kijana mkubwa alishtuka, hadi babake alipomweleza kwamba kwa pesa ya Kenya ni kama elfu moja.

"Nyanya amechoka sana," yule binti mdogo alimwambia dada wa mapokezi.

"Nyanya zenu ziko kwenye gari? Zitaharibika na joto hili," dada akasema. Walicheka wote walipoelewana. Huku nyanya ni ya mchuzi. Mama wa baba huitwa bibi.

Kikaletwa kitabu cha wageni: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda. Mwana alijaza yake haraka. Mamake alishika kalamu muda mrefu. Unakotoka, aliandika Mazinde. Unakokwenda, aliandika Mazinde. Dada alitaka kumsahihisha, kisha akamwangalia usoni, akafunga kitabu.

Asubuhi walizunguka kutafuta kambi. Hawakuiona, wala mama muuza maandazi hakulijua jina la babake. Bibi akasimama kandokando ya mkonge, akainua uso kutazama ule ukuta wa milima.

"Huu nilikuwa naudhani mkubwa kwa sababu nilikuwa mdogo," alisema. "Kumbe ni mkubwa kweli."

Mwana alisimama kando yake. Hakutazama saa.

Saa nne walipanda. Soni walinunua plamu na kuwaonyesha watoto maporomoko. Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, ulikuwa na baridi hadi mdogo akavishwa sweta mbili. Alasiri walifika Irente. Chini kabisa, Mazinde ilionekana mabati madogo yanayometameta kando ya barabara.

Bibi alishika mkono wa mwanawe asije akateleza, akainama mbele.

"Gesti yetu ni ipi pale?"

Mwana akamwonyesha bati moja, bila uhakika wowote.