Kabla ya Kuinua Gari, Tuulize Kilichoshuka

Katika miji ya Mbeya na Iringa, gari lililoinuliwa limekuwa kauli. Mwenye nalo hana haja ya kueleza kwamba ana shamba Makete, ndugu Kilolo au kazi ya mradi Chunya. Matairi makubwa na bodi iliyosimama juu yake vinaeleza kwa niaba yake. Mafundi wa Mwanjelwa na wa Ipogolo wanalifahamu vyema ombi hili: "Fundi, nataka kunyanyua gari nivae matairi makubwa." Mwaka huu ombi hilo lilikuwa langu, na majuma niliyolitafakari yamenifikisha kwenye swali ambalo naamini linamhusu hata msomaji asiye na gari.

Sababu yangu ni ya kawaida. Mama yangu mzazi anaishi wilayani Kilolo, upande wa milima ya Udzungwa, na kila mwezi anatakiwa kufika kliniki Iringa mjini. Kazi nayo hunipeleka kuwakagua wanafunzi walio katika mafunzo ya ualimu kwa vitendo, na shule nyingi ninazopangiwa ziko mbali na lami. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza karibu na Novemba na kumalizika Aprili au baadaye kidogo. Katika miezi hiyo malori ya Fuso yanayobeba mbao na viazi huchimba mifereji miwili katika udongo mwekundu, na katikati hubaki tuta. Gari dogo likiingia katika mifereji hiyo, difu hukaa juu ya tuta na matairi huzunguka bure. Hapo ndipo mtu huanza kuota gari refu.

Gari langu ni Toyota Prado ya toleo la 120, lililotumika Japani kabla ya kufika kwetu. Matairi yake ni ya kipimo cha 265/65 kwa rimu ya inchi 17, yaani kipenyo cha takriban milimita 776. Marafiki walinishauri nivae 285/70, yenye kipenyo cha milimita 831. Tairi la namna hiyo haliwezi kukaa vizuri chini ya bodi isiyoinuliwa. Ukikata usukani hadi mwisho, litasugua plastiki za ndani na pengine chuma. Kwa hiyo tairi hilo linadai gari liinuliwe, na kiwango kinachotajwa mara nyingi ni milimita 50.

Njia za kuinua ni tatu. Ya kwanza ni kuweka spesa, yaani kipande cha chuma au plastiki ngumu juu ya springi au shokapu. Ni nafuu, lakini springi na shokapu hubaki zilezile, na mwendo wa gurudumu kwenda juu na chini hauongezeki. Ya pili ni kubadilisha springi na shokapu kwa pamoja, ziwe ndefu na zinazolingana. Hii ndiyo njia inayoheshimika, na ndiyo ya gharama. Ya tatu ni kuinua bodi peke yake kutoka kwenye chesisi, ambayo huacha mitambo yote ya chini pale ilipokuwa.

Sasa tazama hesabu ambayo watu wengi hawaifanyi. Ekseli ya nyuma ya Prado ni ya kipande kimoja, na difu lake limefungwa humo humo. Springi hukaa juu ya ekseli, hivyo ukiweka springi ndefu kiasi gani, unainua bodi tu; difu halisogei hata milimita moja. Kinachoinua difu ni tairi, tena kwa nusu ya tofauti ya kipenyo. Kutoka milimita 776 hadi 831 ni ongezeko la milimita 55, na nusu yake ni kama 27. Kwa maneno mengine, gari lingepanda karibu sentimita nane machoni pa watu, ilhali difu, ambalo ndilo hunaswa na tuta la Kilolo, lingepanda chini ya sentimita tatu.

Sentimita hizo si bure. Tairi lililokua kwa asilimia saba hufanya kipimamwendo kidanganye kwa kiwango hichohicho. Kama kilikuwa sahihi, basi kikisomeka 50 ndani ya makazi, gari linakwenda zaidi ya 53, na askari mwenye tochi hatasikiliza somo la kipenyo. Kwa watumishi wa umma wanaojaza kitabu cha safari, kilomita 1,000 za kweli zitaandikwa kama 935. Breki nazo hulazimika kufanya kazi zaidi kusimamisha gurudumu kubwa, na gia hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kulizuia gari mteremkoni. Anayeshuka Kitonga, au mteremko wa Mbalizi akiwa katikati ya malori ya Zambia na Kongo, anajua maana ya kupoteza hata sehemu ndogo ya uwezo huo. Zaidi ya hayo, uzito uliopandishwa juu huongeza hatari ya kupinduka. Katika kona 57 za kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba, jambo hilo si nadharia. Shafti za mbele hufanya kazi kwa pembe kali zaidi na viungo vyake huisha mapema. Na bima, ambayo husimama juu ya msingi wa uaminifu kamili kati ya pande mbili, inataka iambiwe kwamba gari si lile lililosajiliwa.

Upo pia ubishi wa upana. Watu wengi hulinganisha tairi kubwa na tairi pana, na si kitu kimoja. Land Cruiser za mkonga zinazohudumia vituo vya afya na miradi zimezunguka nchi hii kwa miongo mingi zikivaa tairi refu na jembamba la 7.50 kwa rimu ya 16. Katika tope lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba hulikata tope na kuifikia ardhi hiyo, wakati tairi pana huelea na kuteleza. Mchanga ni kesi nyingine, ila hata huko kupunguza upepo wa tairi husaidia kuliko kubadilisha rimu. Katika udongo mwekundu, meno ya tairi na mkono wa dereva hutangulia kimo.

Nilimweleza mama mpango wangu tulipokuwa njiani kurudi kutoka kliniki. Ana zaidi ya miaka sabini na magoti yanamsumbua. Akaniuliza, "Baba, na mimi nitapandia ngazi?" Sikuwa na jibu. Hesabu zangu zote zilikuwa za tope. Hakuna hata moja iliyokuwa ya goti. Springi ngumu za kubebea mizigo zina tabia nyingine ambayo yeye angeihisi kabla yangu: gari likiwa tupu, kila shimo hupita moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa abiria. Na gari langu likiingia kijijini halimbebi mama peke yake. Humbeba pia mjamzito wa jirani na mzee aliyevunjika mguu, maana lisipokuwepo, wao hupanda bodaboda.

Kilichoamua ni kauli ya fundi. Aliliegesha gari mahali tambarare, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, kisha akasema, "Dokta, kabla hujanyanyua, jua kwamba gari lako limelala. Hizi springi ni za tangu Japani, zimechoka. Turudishe kwanza kimo chake." Nyuma lilikuwa limeshuka karibu sentimita tatu kutoka kimo cha kiwandani, na shokapu mbili zilikuwa zimeanza kuvuja. Sehemu kubwa ya urefu niliotaka kuununua ulikuwa urefu ambao gari lilizaliwa nao.

Basi tukakubaliana hivi: springi na shokapu mpya za kimo cha kiwandani, bushi zilizokwisha zibadilishwe, na matairi ya 265/70 yenye meno ya kati. Kipenyo chake ni milimita 803. Difu linapanda milimita 13, kipimamwendo kinakosea kwa asilimia tatu na nusu hivi, na fundi alipokata usukani hadi mwisho, halikugusa popote. Gharama ilikuwa kama nusu ya mpango wa kwanza. Mama anapanda bila ngazi. Siku ambazo mifereji ya Fuso ni mirefu kupita difu, gari halipiti, na gari lililoinuliwa kwa sentimita nane lingepita baadhi ya siku hizo. Nakiri faida hiyo ipo. Nimeipima dhidi ya mengine, nikaiacha.

Ndugu msomaji, neno la fundi halijaniacha: "Turudishe kwanza kimo chake." Barabara ya udongo haiharibiwi na mvua peke yake. Huharibiwa na maji yaliyokosa pa kupita. Inapojengwa hupewa mgongo katikati ili maji yamwagike pembeni, hupewa mitaro ya kuyapokea na makalavati ya kuyavusha. Mtaro ukizibwa na majani na udongo, maji hugeuza barabara kuwa mto. Mgongo ukisawazika, hutuama. Fuso likipita juu ya yaliyotuama, mfereji huzaliwa. Barabara nazo zinalala kama springi. Dawa yake ya kwanza ni jembe na koleo mwezi wa Oktoba, kabla ya greda na kabla ya ndoto za lami.

Wakala wa kushughulikia barabara za vijijini na mijini, TARURA, upo tangu mwaka 2017. TANROADS, inayosimamia barabara kuu na za mikoa, ni ya tangu mwaka 2000. Mfuko wa Barabara ulianzishwa mwaka 1998, na chanzo chake kikubwa ni tozo iliyomo katika kila lita ya mafuta. Kwa hiyo mwenye matairi makubwa, ambayo hunywa mafuta zaidi, anaulipia mfuko huo zaidi kwa sababu barabara ni mbovu. Analipa mara mbili: kwanza kwa ajili ya barabara, kisha kwa ajili ya kuikwepa.

Tatizo kubwa zaidi ni la kisiasa. Mwaka 1970 mwanauchumi Albert Hirschman alichapisha kitabu kuhusu mambo mawili ambayo watu huweza kufanya huduma inapooza: kuondoka, au kupaza sauti. Mfano uliomchochea ulikuwa reli ya Nigeria. Wateja wenye uwezo walihamia kwenye malori, na reli, badala ya kushtuka, ikaendelea kuzorota, kwa sababu waliokuwa na sauti ya kuisumbua walikuwa wamekwisha kuondoka. Gari lililoinuliwa ni namna ya kuondoka bila kuhama. Mkuu wa idara, mfanyabiashara wa mbao, mhadhiri na mhandisi wanapita juu ya shimo lilelile wasilisikie, na lisilosikika haliandikwi katika taarifa. Anayebaki nalo ni mwalimu wa bodaboda na mama mwenye gunia la viazi linalooza kando ya njia, nao sauti yao haifiki mbali.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa hawezi kungoja mtaro uzibuliwe. Ni kweli, na simlaumu anayeinua gari ili amfikishe mzazi hospitali. Ninachodai ni kwamba aliyefanikiwa kulivuka shimo asijihesabu kuwa amelimaliza. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ule wa kabla ya mvua uwe na ajenda moja iliyo wazi: mitaro ipi imeziba, kalavati lipi limejaa, nani atafanya nini na lini, na kipi kiandikwe kwenda wilayani. Wanafunzi wangu wanaotafuta mada za utafiti wahesabu siku ambazo barabara moja ya kata ilifungwa kati ya Novemba na Aprili, na bei ya gunia la viazi katika siku hizo. Takwimu hizo ndogo zina nguvu kuliko malalamiko. Na mtumishi wa umma anayesafiri kwa gari refu la Serikali, aandike katika taarifa yake kina cha mifereji aliyoivuka, hata kama dereva wake aliivuka bila kupunguza mwendo.

Mimi nitakuwa Kilolo Oktoba, na nimeshanunua koleo mbili.