Mabinti wa Dugu Xin

Kwenye makumbusho ya historia ya Shaanxi, mjini Xi'an, kuna muhuri mweusi wenye nyuso 26. Ulikuwa wa Dugu Xin, jenerali wa karne ya 6. Nyuso 14 zimechongwa maandishi: huu wa barua kwa mfalme, ule wa amri za jeshi. Binti zake hawamo, ingawa ndio wanaofanya akumbukwe. Watatu walipewa cheo cha malkia, kila mmoja katika nasaba yake: Zhou ya Kaskazini, Sui na Tang (huyu wa Tang alikipata akiwa kaburini, mwanawe Li Yuan alipoanzisha nasaba hiyo).

Wenzangu wa shahada ya uzamili humsifu jenerali kwa kujua kuozesha. Mimi siafiki. Hakumwona hata mmoja akitawazwa. Mwaka 557 Yuwen Hu, aliyeshika madaraka, alimlazimisha ajiue. Mwaka huohuo Qieluo, binti wa saba, aliolewa na Yang Jian akiwa na miaka 14. Mumewe aliapa kutozaa na mwanamke mwingine. Waandishi wa kale wakamwita Qieluo mwenye wivu. Mimi naona hofu ya mtoto aliyefiwa.