Moteri mpya katika kamioneti ya marehemu baba

Wengi wenu mmekwisha kupanda kamioneti ya namna hii: Toyota Land Cruiser FJ45, pua ndefu, taa mbili za mviringo, nyuma wazi kwa mizigo. Toyota iliacha kuziunda mwaka 1984, lakini kwetu Kivu ziliendelea kutembea miaka mingi baadaye. Yetu ilitoka kiwandani mwaka 1978. Baba aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, akashusha nayo maharage ya Nyangezi mpaka Uvira, na kupandisha Bukavu mchele wa bonde la Ruzizi. Alipofariki aliniachia mimi kamioneti hiyo, na pamoja nayo njaa yake.

Maana ilikuwa na njaa kweli. Moteri yake, ile iitwayo 2F, ina silinda sita na ukubwa wa litri 4,2, nayo hula esanse. Tukiwa na mzigo mlimani, litri 25 hazikutufikisha kilometa mia. Faida yote ilibaki kwa wale vijana wauzao esanse ndani ya chupa kando ya barabara. Mwaka 2011 nikaamua: nitaiondoa moteri ya baba, nitaweka ya mazuti.

Mama alinyamaza siku mbili. Kisha akasema: «Baba yako aliijua sauti ya moteri ile kuliko sauti yangu.» Sikujua kama ananikataza ao ananicheka.

Fundi alinishauri nitafute 1HZ, moteri ambayo Toyota ilianza kuitia katika Land Cruiser mwaka 1990. Nayo ina silinda sita, na ukubwa wake unakaribiana na ule wa 2F. Lakini kazi yake ni nyingine kabisa. Ya esanse hukandamiza hewa na esanse mara nane hivi, halafu buji hutoa cheche. Ya mazuti hukandamiza hewa tupu zaidi ya mara ishirini, mpaka hewa yenyewe inakuwa na moto wa kutosha. Mazuti ikirushwa humo inawaka bila cheche yo yote. Nikanunua moja iliyotoka Dubai, pamoja na sanduku lake la vitesi. Ilinigharimu ng’ombe watatu na deni.

Kazi ya kuiingiza ilichukua wiki tano. Vishikio vya zamani vilikatwa, vingine vikachomelewa. Sanduku la vitesi lilikuwa refu kuliko lile la kwanza. Kwa hiyo chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma kilipunguzwa, na kile cha mbele kikaongezwa. Tanki ilioshwa mara tatu, maana esanse iliyobaki ni adui wa pompi ya mazuti. Tukaweka filtre ya kutenga maji, na katika nchi yetu, ambapo mtu hajui ni nini kilichomo ndani ya pipa, nasema filtre hiyo ni lazima kama magurudumu.

Siku ilipowaka, watoto wote wa mtaa walipiga vigelegele. Lakini fundi hakucheka. Akaniita kando: «Mzee, bado jambo moja. Ngoja pompi ya hewa itoke Kampala. Wiki moja tu.»

Pompi hiyo ni ya nini? Hapa nisikilizeni vizuri. Mbele ya pedali ya freni kuna chombo cha mviringo kama sahani mbili zilizofunikana. Chombo hicho husaidia mguu, lakini hufanya kazi tu ikiwa upande wake mmoja umenyonywa hewa. Katika moteri ya esanse, ukiondoa mguu kwenye gazi, mlango wa hewa unafungwa karibu wote. Pistoni zinavuta na hazipati, na mvuto huo ndio unaosaidia freni. Moteri ya mazuti haina mlango huo. Yapumua wazi, haivuti cho chote. Kwa hiyo huwekewa pompi yake ya kunyonya hewa, na pompi ya moteri yangu ilikuwa imeondolewa huko ilikotoka.

Nilijaribu freni mjini. Pedali ilikuwa ngumu, lakini motokari ilisimama. Nikafikiri juu ya deni. Nikamwambia fundi: «Nitakanyaga kwa nguvu.» Naye akaniangalia tu. Mtu mzima akisema hivyo mbele ya fundi kijana, kijana atajibu nini?

Wale waliopita Ngomo wanajua. Kati ya Nyangezi na Kamanyola barabara inaanguka toka milimani mpaka bondeni, nyembamba, mlima upande mmoja na utupu upande wa pili. Tulikuwa na magunia ya maharage, mdogo wangu, na akina mama watatu wa soko. Kona ya kwanza nilikanyaga kwa mguu mmoja. Kona ya tatu kwa miguu miwili, mgongo umekaza kwenye kiti. Halafu harufu ya freni zinazoungua ikaja, na pedali ikawa kama kukanyaga jiwe lisilosikia. Nikalazimisha vitesi ya kwanza, sanduku likalia, mwendo ukapungua kidogo lakini hautoshi. Nikaiegemeza kamioneti kwenye ukuta wa mlima. Ilikwaruza, ikapanda udongo, ikalala ubavu katika mfereji.

Mama mmoja alivunjika mkono. Wengine walitoka na vumbi tu. Tulikaa pale mpaka jioni, na mimi sikuweza kumtazama mdogo wangu usoni.

Nililipa hospitali, nikauza kiwanja kidogo. Pompi ilifika toka Kampala, fundi akaifunga kwa saa nne, pedali ikawa laini kama zamani. Hakunikumbusha neno lo lote. Ningependa angenigombeza.

Mama yule aliendelea kusafiri nami kwenda Uvira. Lakini hakupanda tena hata siku moja bila kusimama kwanza mlangoni, kikapu kichwani, na kuuliza: «Baba, fundi amesema nini?»