Anime ya Pluto na Methali Niliyoizoea

Mpenzi msomaji, huenda ukashangaa kumwona mwalimu wa Kiswahili wa hapa Kizuka, upande wa Rumonge, akikuandikia kuhusu katuni za Kijapani. Usishangae. Nimependa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, tangu nilipokuwa mwanafunzi Bujumbura, ambako juzuu zilizotafsiriwa kwa Kifaransa zilipita mkono kwa mkono hadi majalada yakang'oka. Niliyoipenda kuliko zote ni Pluto ya Naoki Urasawa. Kwa hiyo niliposikia kwamba imefanywa anime, nilifurahi na kuogopa kwa pamoja.

Urasawa aliichapisha hadithi hii kati ya mwaka 2003 na 2009, katika juzuu 8, akikijenga upya kisa kimoja cha miaka ya 1960 cha Astro Boy, kazi ya Osamu Tezuka. Anime ilitoka tarehe 26 Oktoba 2023, nayo ina sehemu 8, kila moja takriban saa nzima. Hadithi yatupeleka katika ulimwengu ambamo wanadamu na roboti wanaishi pamoja chini ya sheria. Roboti saba zenye nguvu kuliko zote zinaanza kuangamizwa moja baada ya nyingine, na mpelelezi wa kisa hicho, Gesicht, naye ni roboti. Nyuma ya mauaji hayo pana vita: nchi moja ilishambuliwa kwa tuhuma kwamba inaficha roboti za maangamizi, na roboti hizo hazikuonekana.

Nikueleze kwanza nilivyoiona. Sehemu ya kwanza ina kisa cha North No. 2, roboti aliyepigana vitani, ambaye sasa anamtumikia mtunzi wa muziki asiyeona na anatamani kujifunza piano. Kitabuni nililazimika kuusikia muziki huo kwa mawazo. Safari hii niliusikia kwa masikio, nikaona haya kwa machozi yaliyonitoka mbele ya mpwa wangu. Mapigano, kwa upande mwingine, hayakunigusa sana. Rangi zinang'aa mno. Wino mweusi wa kitabuni ulitisha zaidi, kwani uliniachia nafasi ya kuogopa nisichokiona.

Tuliitazama kwa Kifaransa kwenye simu, jioni kadhaa mfululizo, tukiwa watatu: mimi, mpwa wangu aliyesubiri mapigano tu, na jirani yetu, mzee wa makamo ya babu yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha Tanzania. Mimi nilikuwa mkalimani.

Hapa sina budi kufichua jambo la ndani ya hadithi. Gesicht anateswa na ndoto asiyoielewa. Baadaye inabainika kwamba alikuwa na mtoto, roboti mdogo aliyemlea. Mtoto huyo aliangamizwa, naye kwa hasira akamuua mtu aliyefanya hivyo. Kisha kumbukumbu yake ikafutwa.

"Nani aliyeifuta, Mwalimu?" mzee aliuliza.

"Wakubwa wake wa kazi, Mzee."

Akatikisa kichwa. "Basi hawakumponya yeye. Walijiponya wao."

Ili uelewe kwa nini neno hilo lilininyima usingizi, yakupasa kujua habari za ardhi yetu. Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalizuka katika ukanda huu wa kusini mwa Burundi, na mauaji yaliyofuata yakaenea nchi nzima. Watu wengi sana walikimbilia Tanzania na Kongo. Mashamba yao ya michikichi hayakukaa bila watu. Familia nyingine ziliingia humo. Familia yangu ilikuwa mojawapo. Mawese ya shamba lile ndiyo yaliyonilipia karo.

Mzee alikimbia akiwa kijana, akarudi mwaka 2008 akiwa na mvi. Shamba likagawanywa katikati. Tangu siku hiyo tunasalimiana kila asubuhi, tunapeana samaki na chumvi, wala hatujawahi kulizungumza jambo lenyewe. Mimi niliita hiyo amani. Darasani nimewafundisha wanafunzi miaka mingi kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni ugonjwa. Kuganga ni kutibu. Methali ni nzuri, nami sijaiacha. Ila sikuwahi kujiuliza ni nani mwenye haki ya kuitamka. Mgonjwa akisema kwamba amepona, tumshukuru Mungu. Lakini aliyelala vizuri akimwambia mgonjwa kwamba haumwi, huo si uganga.

Wewe unayejifunza Kiswahili, tazama vitenzi viwili vinavyofanana kwa sauti: kusahau na kusamehe. Wanafunzi huvichanganya, na nchi pia huvichanganya. Waweza kusahau bila kujua kwamba umesahau. Kusamehe hakuwezekani hivyo: lazima ujue ni nani unayemsamehe, na kwa lipi. Gesicht aliyefutwa kumbukumbu hakuwa na uwezo wa kusamehe wala kutubu. Alibaki na ndoto tu. Kumbe anayetaka raia wasamehe asianze kwa kuwataka wasahau.

Tulipomaliza sehemu ya nane, nilimwendea mzee asubuhi nikamwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza kwa miaka yote hiyo: ile michikichi mirefu iliyo upande wangu ilipandwa na nani? Alinyamaza kitambo. Kisha akaingia shambani kwangu, kwa mara ya kwanza tangu mgawanyo, akagusa mti mmoja mmoja. Huu aliupanda baba. Huu aliupanda mjomba, hakuvuka ziwa. Huu niliupanda mimi.

Sijui bado tutafanya nini na habari hizo. Mpaka uko palepale. Lakini nilichukua daftari nikayaandika majina, naye akanisahihisha tahajia.

Itazame Pluto, msomaji wangu, ukipata nafasi. Kisha nenda kwa mzee mmoja wa mtaani kwenu, umwulize kwa Kiswahili ulichojifunza: nani alipanda mti huu? Sikiliza jibu mpaka mwisho.