Chujio la Samaki Kandokando ya Mto Tana

Mkaazi wa Garsen hahitaji kufundishwa maana ya kuchuja. Msimu wa mvua Mto Tana hushuka na udongo wa Mlima Kenya na wa Nyandarua, ukielekea baharini Kipini, na ayatekaye maji yake kwa ndoo hawezi kuiona sehemu ya chini ya ndoo hiyo. Maji hayo hutiwa mtungini yatuame usiku kucha. Asubuhi ya juu huchotwa taratibu kwa kata, mashapo yakaachwa. Wenye haraka hutia shabu kidogo, tope likashuka upesi.

Elimu hiyo ni ya kale na ni ya kweli, lakini ndiyo impotoshayo mtu wa bonde hili anapoamua kufuga samaki katika tangi la kioo. Yeye hudhani kwamba adui ni tope. Hununua chujio, maji yakang'aa hata mtu akaweza kusoma gazeti lililo upande wa pili wa tangi, na wiki ya pili samaki wakaanza kufa mmoja mmoja. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, nayo amonia haina rangi. Hakuna kitambaa kiwezacho kuizuia. Wawezao kuipunguza ni bakteria: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni machache na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila mara. Chujio basi ni nyumba ya viumbe hai kabla ya kuwa kizuizi cha taka.

Aina inayozungumziwa hapa ni ile ya mkebe uliofungwa. (Wanaistilahi huenda wakapendelea "chujio la mkebe", fundi dukani husema "filta", na mnunuzi humwelewa.) Mkebe hukaa chini ya tangi, kwa kuwa maji huuteremkia yenyewe kwa mpira mmoja, kisha pampu huyapandisha kwa mpira wa pili. Ndani yake, maji hukutana kwanza na sifongo yenye matundu makubwa, kisha yenye matundu madogo, na mwisho pete za kauri ambamo bakteria hujenga makao. Mpangilio huo ukipinduliwa, taka huziba kauri. Mkebe hujazwa maji kabla ya kuwashwa, kwani pampu izungukayo kavu huharibika. Nayo pete ya mpira ya kifuniko hufutwa mchanga wote, la sivyo sakafu italowa. Baada ya hapo ni subira. Bakteria huchukua takriban mwezi mmoja au zaidi kuimarika, na katika muda huo samaki huwa wachache na chakula kidogo.

Usafi nao una mtego wake. Mwenye bidii huipeleka sifongo kwenye bomba na kuisugua mpaka iwe kama mpya. Klorini iliyotiwa majini ili kumwokoa binadamu na kipindupindu huwaua wale bakteria, na tangi hurudi mwanzo. Sifongo hukamuliwa katika beseni la maji yaliyotolewa tangini humo humo, nazo kauri haziguswi siku hiyo.

Hata hivyo, linalomtesa mfugaji wa Garsen zaidi ni umeme. Unapokatika, maji ndani ya mkebe husimama. Bakteria huendelea kupumua, na katika joto la huko, ambapo maji hubeba oksijeni kidogo, pumzi hiyo huisha baada ya saa chache. Bakteria hufa, maji huoza gizani. Kimya kingi kina mshindo mkuu: umeme hurudi usiku wa manane wenye nyumba wakiwa wamelala, pampu huamka na kuyamwaga maji hayo yaliyooza juu ya samaki. Kwa hiyo plagi huchomolewa mara tu taa zizimikapo. Kukatika kukirefuka, mkebe hufunguliwa, maji yake humwagwa, na kauri huwekwa ndani ya trei yenye maji kidogo ili zipate hewa.

La ajabu ni kwamba samaki mashuhuri zaidi wa eneo hili kwa wafugaji wa ng'ambo hawahitaji mkebe huo. Ni wadogo wa jenasi Nothobranchius, wakaao katika madimbwi ya msimu; mmoja wao, Nothobranchius willerti, alielezwa kisayansi na Wildekamp mwaka 1992. Dimbwi hukauka, wazazi hufa, mayai hungoja ndani ya tope mpaka mvua. Mkondo wa pampu huwachosha. Sifongo ndogo inayosukumwa kwa hewa huwatosha. Wafugaji wa Ulaya huandika jina la mahali walikovuliwa kando ya jina la kisayansi, wala hawachanganyi kizazi cha dimbwi hili na cha lile. Yapo hivyo matangi huko yenye vibandiko vya majina ya vijiji vya Kenya, ilhali dimbwi lenyewe huku laweza kufukiwa kwa ujenzi wa barabara au kugeuzwa shamba, bila mpita njia kujua kilichokuwa kikingoja ndani ya tope lake.