Alt+Shift+Q na akiba iliyozaa usiku

Leo nina kisa kwa wale wanaotumia Linux na kushinda kwenye teminali kama mimi.

Kuna programu mbili hapa. i3 ndiyo hupanga madirisha yangu kwenye skrini. tmux hukaa ndani ya dirisha la teminali na kuligawa vipande, na kazi uliyoianzisha humo huendelea hata dirisha likifungwa. Zote mbili huamrishwa kwa vitufe, na hapo ndipo zinapogombana.

Ofisini, ambako situmii i3, nilikuwa nimeiagiza tmux ifunge kipande kimoja kila nikibonyeza Alt+Shift+Q. Nikanakili mipangilio hiyo hadi kwenye laptopu ya nyumbani. Huko i3, ilipowaka mara ya kwanza, iliniuliza niiamrishe kwa Alt au kwa kitufe cha Windows. Nikachagua Alt, maana iko karibu na kidole gumba. Sikukumbuka kwamba kwa i3 mchanganyiko uleule hufunga dirisha zima, tena bila kuuliza.

Usiku mmoja mwaka 2022 nilikuwa nahamisha rekodi za akiba za wanachama wa sacco moja kuziingiza kwenye mfumo mpya. Skripti ilikuwa ikikimbia katika kipande kimoja, kumbukumbu za seva katika kingine. Nikataka kufunga hicho cha pili. Dirisha lote likatoweka! Kwa kiwewe nikafungua teminali mpya na kuanzisha skripti tangu mwanzo. Kumbe ile ya kwanza ilikuwa hai, inaendelea na kazi yake ndani ya tmux. Ningeandika tu tmux ls ningeiona.

Asubuhi mweka hazina akanipigia simu. "Kijana wangu, watu wangu wametajirika usiku?" Karibu kila mwanachama alikuwa na akiba maradufu. Na kwa kuwa mkopo hupimwa kwa akiba, mzee mmoja alikuwa tayari ameketi ofisini kwao akisubiri kuidhinishiwa pesa ambazo hakustahili. Nilitumia siku mbili kusafisha, mstari kwa mstari, nikilinganisha na daftari lao. (Ndiyo, skripti ilipaswa kukataa rekodi inayojirudia. Hilo nalo ni langu.)

Sasa sikiliza jinsi kitufe kinavyosafiri. Wa kwanza kukipata ni msimamizi wa madirisha. Akikitaka anakimeza, na wengine hawajui hata kama kilibonyezwa. Asipokitaka kinapita kwa teminali, kisha tmux, mwishowe bash au programu unayotumia. tmux yangu haikuwahi kuiona ile Alt+Shift+Q.

Tena teminali hutuma namba, si vitufe. Ctrl+A ni 1, Ctrl+B ni 2. Alt+D ni 27 ikifuatwa na herufi d, na bash huitumia kufuta neno. Kitufe cha Windows hakina namba katika mpangilio huo wa tangu zamani, hivyo programu za ndani hazikitegemei. Ukimpa msimamizi wa madirisha hicho, humnyang'anyi mtu chochote. Kwa i3 ni mstari mmoja katika ~/.config/i3/config:

set $mod Mod4

Awali ulikuwa Mod1, yaani Alt. Ukibadilisha, iwashe i3 upya.

tmux nimeiachia Ctrl+B. Wengi huigeuza iwe Ctrl+A kama ya GNU Screen, lakini bash hutumia Ctrl+A kurudi mwanzo wa mstari, nami naihitaji kila dakika. Ctrl+B yenyewe ilichaguliwa kwa sababu tmux ilianza kuundwa ndani ya Screen, na haikutakiwa kugongana nayo. Ukiwa na tmux kwenye laptopu na nyingine kwenye seva, bonyeza Ctrl+B mara mbili ili amri imfikie wa ndani. Alt imebaki mali ya bash.

Ile Alt+Shift+Q nimeifuta kote, ofisini na nyumbani. Nikitaka kufunga kipande nabonyeza Ctrl+B kisha x, na tmux huniuliza kwanza: y au n? Zamani swali hilo lilinikera sana.