Mungu Si Mahakama ya Rufaa

Leo naongea na wewe ambaye ulimpenda mtu, ukamwambia, na akakujibu vizuri kabisa kwamba hapana. Hakukutukana. Hakukuacha na tiki mbili za buluu. Alisema tu hapana, na wewe sasa kila usiku uko kwa magoti ukimwomba Mungu ambadilishe roho.

Mimi niko hapo na wewe. Tofauti ni kwamba siku hizi nalala. Na naona tunafundishana vibaya sana kuhusu hii maneno, hasa sisi tuliolelewa kanisani.

Stori yangu ni fupi. Mimi ni kijana wa Chebunyo, Chepalungu, kaunti ya Bomet. Watu wakisikia Bomet wanafikiria majani chai mlima mzima, lakini upande wetu ni wa chini, kumekauka kiasi, tunaishi na mahindi na ng'ombe wa maziwa. Kuna dada mmoja tumekua naye kwa kundi la vijana kanisani. Nilimpenda karibu miaka 2 kabla nifungue mdomo. Wahenga walisema penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika, na nadhani kanisa lote lilikuwa limenisikia nikikohoa kabla yake. Nilipomwambia alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa kusema ukweli, akasema ananiona kama ndugu yake na hataki kunidanganya. Hiyo tu. Tukaagana, nikaenda nyumbani nikakamua ng'ombe kama kawaida.

Kilichonisumbua zaidi kilikuja baadaye, na ni ushauri wa watu.

Kundi la kwanza ni watu wa mtandaoni. Wao wanasema mblock, futa namba, songa mbele. Sawa, huo ni ushauri wa mtu anayekaa Kasarani, ambaye anaweza kumblock mtu leo na wasikutane tena mpaka Yesu arudi. Chebunyo utamblock mtu aje? Mama yake na mama yangu wako kwa chama kimoja. Tunapatana kwa kisiagi, tunapatana sokoni, tunapatana kwa matanga. Jumapili yeye ndiye anaongoza nyimbo na mimi ndiye napiga kinanda. Lazima nimtafutie ufunguo unaofaa sauti yake. Sasa hapo utafuta namba gani?

Kundi la pili wanasema tafuta pesa, atakuja mwenyewe akilia. Hii iliniingia sana, siwezi kuficha. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda, na yeye bado anasoma. Kwa hivyo ilikuwa rahisi kujiambia kwamba ningekuwa na digrii angenikubali. Lakini ngoja. Alisema hivyo? Hakusema. Mtu akikupa jibu lake, halafu wewe ukamtungia sababu ambayo hakutaja, huko ni kukataa jibu lake kwa adabu. Na pesa unayotafuta ili mtu ajute itakuchosha bure, kwa sababu unaweza kuipata na yeye asijute.

Kundi la tatu ndilo lilinifanya niandike hii. Ni watu wa maombi. Mzee mmoja aliniita kando akaniambia nifunge siku 21, na Mungu atageuza moyo wa huyo msichana. Rafiki yangu mwingine akasema ameota sisi wawili tukiwa mbele ya madhabahu, eti niende nimwambie, ni unabii.

Sikuenda. Hebu fikiria upande wake kidogo. Ukimwambia dada aliyeokoka kwamba Mungu amekuonyesha yeye ndiye mke wako, umemweka kwa kona. Akikataa sasa, hakatai wewe, anamkataa Mungu. Umeshindwa kwa moyo wake, ukaona ukate rufaa mbinguni, kisha ukarudi na barua yenye muhuri. Hiyo ni kulazimisha mtu, hata kama umeifunika na lugha ya kiroho.

Biblia yenyewe ina stori ya mwanamume aliyekataa kusikia hapana, na sikumbuki kama nimewahi kuisikia ikihubiriwa kwa mkutano wa vijana. Iko kwa 2 Samweli 13. Amnoni, mtoto wa mfalme Daudi, alimpenda Tamari, dada yake wa kambo, mpaka akaanza kukonda na kuugua. Angalia kinachofuata. Rafiki yake Yonadabu, mtu mjanja, hakumwambia awache. Alimpangia mbinu. Jifanye mgonjwa, omba aje akupikie. Tamari akaja, na alipoona kinachoendelea akasema hapana waziwazi, akamweleza hata sababu. Amnoni hakusikia, akamlazimisha. Na mara tu baadaye akamchukia kuliko alivyokuwa amempenda, akaamuru afukuzwe na mlango ufungwe nyuma yake. Yaani lile "penzi" lililomfanya augue halikumaliza hata siku moja baada ya kupata ilichotaka.

Kila kundi la marafiki lina Yonadabu. Ukiona mtu anakupa mbinu ya kuzunguka hapana ya mtu mwingine, mjue ni yeye, hata kama ameanza na maombi.

Na hii si stori ya zamani tu. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kwa sababu wanawake wanauawa. Mwaka huohuo, tarehe 5 Septemba, mkimbiaji wa Uganda Rebecca Cheptegei alifariki hospitalini Eldoret. Alikuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki huko Paris wiki chache tu kabla. Alimwagiwa petroli na kuchomwa moto, na polisi walisema aliyefanya hivyo ni mwanamume waliyekuwa wameachana. Sisemi kila kijana aliyekataliwa ni hatari. Nasema sisi vijana wa kiume tunaambiwa toka utotoni kwamba mwanaume wa kweli hakati tamaa, na hakuna mtu anatuambia ni wapi hiyo sentensi inafaa kuisha. Inafaa kuisha pale mtu amesema hapana. Amani yangu haiwezi kununuliwa na amani yake.

Sasa utaniuliza, kama siombi abadilike, naomba nini?

Soma Wafilipi 4. Paulo anasema tusijisumbue na neno lolote, tumwambie Mungu haja zetu pamoja na kushukuru. Nilikuwa nadhani sentensi inayofuata ni kwamba utapata ulichoomba. Haiko. Ahadi iliyo pale ni amani, na kazi ya hiyo amani ni kulinda moyo na akili. Na aliyeandika alikuwa amefungwa gerezani. Kwa 2 Wakorintho 12 huyo Paulo anasema aliomba mara 3 aondolewe mwiba uliokuwa unamtesa. Hakuondolewa. Aliambiwa neema inatosha. Kama mtume mwenyewe aliambiwa hapana na akabaki mtume, mimi wa Chebunyo ni nani?

Lakini aliyenisaidia zaidi ni Lea. Mwanzo 29. Unajua Yakobo alimpenda Raheli, na baba yao Labani akamchezea, akampa Lea usiku wa harusi. Lea hakuchagua kuwa hapo. Akajikuta kwa nyumba ya mtu ambaye roho yake iko kwa mwingine, na huyo mwingine ni dada yake.

Sasa sisi Wakipsigis majina yetu yanaeleza mtu alizaliwa wakati gani. Cherono alizaliwa jioni mbuzi wakirudi nyumbani, Kipkoech alizaliwa alfajiri. Kwa hivyo huwa naangalia majina, na majina ya watoto wa Lea ni kama shajara yake. Wa kwanza ni Reubeni: Mungu ameona mateso yangu, sasa mume wangu atanipenda. Wa pili ni Simeoni: Mungu amesikia kwamba sipendwi. Wa tatu ni Lawi: safari hii mume wangu ataungana nami. Watoto 3, na kila mmoja amepewa jina huku mama akichungulia mlangoni kama Yakobo anakuja. Wa nne ni Yuda, na hapo Lea anasema tu kwamba mara hii atamsifu Bwana. Mume hatajwi.

Nilisoma hiyo nikanyamaza. Yakobo hakuwa amebadilika. Hakuna mahali imeandikwa kwamba aliamka siku moja akampenda Lea. Kilichobadilika ni mahali Lea alikuwa anaangalia. Na ni kwa ukoo wa huyo Yuda ndipo Daudi alitoka, na Yesu akatoka.

Tena usidhani iliisha hapo. Sura inayofuata Lea anarudia. Anagombana na Raheli, na akizaa mtoto wa sita, Zabuloni, anasema tena sasa mume wangu atakaa nami. Baada ya ile sifa yote, kidonda kilifunguka. Hii ndiyo sehemu naipenda kabisa, kwa sababu inanionyesha amani si sindano unayochomwa mara moja ukapona. Kuna Jumapili nikishika kinanda niko sawa kabisa. Kuna Jumapili nyingine anacheka na mtu hapo nje, na mimi nafika nyumbani nikiwa sina hamu hata ya chai. Hiyo haimaanishi imani yangu imekufa. Inamaanisha niko Zabuloni, na Mungu wa Yuda bado yupo.

Kwa vitendo, hizi ndizo zimenisaidia. Kwa maombi nataja jina lake mara moja tu, namwombea mema yake, si mema yangu kupitia kwake, kisha naendelea na mengine: karo ya ndugu yangu mdogo, mvua, kamera yangu inayokufa betri. Stetasi zake nimezizima, si kwa hasira, ni kwa sababu nilikuwa nasoma kila picha kama barua iliyoandikiwa mimi. Kinanda sijawacha, kwa sababu nilikuwa naimbia Mungu kabla nimjue yeye. Na nilimtafuta mtu mzima mmoja, mwenye ndoa yake na matatizo yake, nikamweleza yote. Hakunipa unabii. Alinipa chai na akanisikiliza. Nikamaliza, akaniuliza kama nimekula.

Wiki chache zilizopita nilisikia kuna watu watakuja kwao mwezi wa 12 kwa koito. Kwa wale hamjui, hapo ndipo familia mbili zinakaa chini kuongea mambo ya mahari. Vijana wa kanisa tumeombwa kusaidia, na mimi nimeombwa kinanda. Mama aliniuliza polepole kama nitaweza. Nikamwambia nitaenda. Sijui nitajisikiaje siku hiyo, na sitajifanya hapa kwamba nimeshafika. Lakini sitaenda nikingoja Mungu avunje sherehe ya mtu ili kunithibitishia kwamba ananipenda. Hilo alishalithibitisha kitambo.

Kwa hivyo kama umeambiwa hapana, mwachie mtu hapana yake. Usimtumie mistari ya Biblia saa 6 usiku. Usimtume mchungaji. Lia kama unataka kulia, Mungu si mgeni kwa machozi. Na kama giza limezidi mpaka unafikiria kujidhuru, usikae na hiyo peke yako hata usiku mmoja. Amsha mtu, mwambie.

Kama hauna wa kumwambia, niandikie. Sijibu haraka kwa sababu network ya huku mnaijua, lakini najibu.